Bora Mwizi

Simu ya Ylva ililia akiwa amekumbatia tairi, mikono imejaa grisi hadi viwikoni. Usiku wa kuamkia siku ile barafu ya kwanza ilikuwa imeushukia mji wa Härnösand, kaskazini mwa Uswidi, na kama ilivyo ada, watu waliokuwa wakiambiwa tangu Oktoba wabadilishe tairi wafunge za barafu walikumbuka wote kwa pamoja asubuhi hiyo. Foleni ya magari ilikuwa imetoka nje ya geti la karakana na kufika barabarani.

"Ylva!" aliita Roffe, mwenye karakana. "Simu yako inalia kama mtoto mchanga. Ipokee au itupe kwenye pipa la oili."

Aliibonyeza kwa kifundo cha kidole na kuiacha mezani, kwenye spika, asiichafue. Hilo ndilo lililokuwa kosa lake.

"Naongea na mama yake Tindra?" Ilikuwa sauti ya Staffan, mwalimu mkuu.

"Ndiyo mimi. Ameumia?"

"Hapana, hajaumia. Tunaomba tu ufike. Kuna kitu kimepotea shuleni, na kimekutwa kwake."

"Kitu gani?"

"Ni afadhali tuongee ukija."

"Nina foleni mpaka barabarani, Staffan. Niambie. Kitu gani?"

"Kishikwambi. Amekiiba stoo."

Karakana nzima ilisikia. Gun-Britt, jirani yao wa ghorofa ya chini aliyekuwa akisubiri gari lake, alikiinamia kikombe chake cha kahawa kana kwamba mna habari muhimu ndani yake. Ylva aliisukuma simu kwa kiwiko mpaka ikanyamaza.

"Nenda," alisema Roffe, akimpokea tairi. "Hata mimi niliwahi kuiba baiskeli."

"Ya nani?"

"Ya polisi."

Ylva hakucheka. Alikuwa akisugua mikono kwa kitambaa, akisugua hata pale palipokwisha takata.

*

Tindra alikuwa ameketishwa kwenye kiti cha wageni, koti limefungwa hadi kidevuni, miguu haifiki chini sawasawa. Alikuwa na umri wa miaka kumi. Mbele yake, juu ya meza ya mwalimu mkuu, kishikwambi kilikuwa kimelazwa kifudifudi.

Kisa cha vishikwambi kila mtu alikijua. Baada ya likizo ya vuli, halmashauri iliamua skrini zitoke madarasani na vitabu virudi. Kwenye kikao wazazi walipiga makofi, na Ylva alipiga pamoja nao. Vishikwambi vikakusanywa, vikafungiwa stoo vikisubiri kuuzwa, na kila mtoto akakabidhiwa vitabu vipya vinavyonukia wino.

"Mimi ndiye niliyemkuta," alisema Sixten, mtunza majengo, ambaye bado hakuwa ametulia. "Napita na ngazi yangu, nasikia sauti ya mwanaume ndani ya choo cha wasichana! Moyo ulinilipuka. Nikasema, fungua au nauvunja mlango! Kumbe ni huyu, kakaa sakafuni na hicho kidude, kinamwongelesha."

"Ulikuwa unaangalia nini, Tindra?" aliuliza mwalimu wake, Fredrika, kwa upole. Alikuwa kijana bado, na vidole vyake vilikuwa na vumbi la chaki ambalo hakuwa amelizoea.

"Video."

"Video gani?"

"Ya mchezo."

"Nitazame ninapoongea na wewe," alisema Ylva. Lakini yeye ndiye aliyekuwa bado hajaongea neno. Mtoto aliendelea kuitazama zipu ya koti lake.

"Halafu ametoroka kipindi," Fredrika aliongeza, akiona haya kuongeza. "Kipindi cha kusoma kwa sauti, kwa zamu. Si mara ya kwanza. Zamu yake ikikaribia, anaomba ruhusa ya kwenda chooni."

"Hatutaita polisi," Staffan alisema, akatabasamu kwa ukarimu, na tabasamu hilo likamchoma Ylva kuliko kama angefoka. "Tunajua vifaa hivi vinawakamata watoto. Ila wenzake wameshaona, na watoto wana midomo."

Ndani ya gari Ylva aliwasha injini, akaizima, akaiwasha tena.

"Una simu. Nyumbani una televisheni. Ulikosa nini mpaka ukaibe?"

"Sijui."

"Hujui! Mkono ulikwenda wenyewe?"

Tindra alipumulia kioo cha dirisha kikaingia ukungu, akaufuta kwa mkono wa koti. "Niite tu mwizi, Mama. Wote wameshaniita."

*

Ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi, kwa desturi ya nchi, ni supu ya njegere, na baada yake chapati za maji na jamu. Barbro, mama yake Joakim mume wa Ylva, hula kwao siku hiyo. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza hadi alipostaafu, na ndiye aliyeandika gazetini kwamba skrini ni pipi ya akili. Mwana na mkwewe walipomweleza, aliweka kijiko chini pole pole, kama mtu aliyelingojea jambo hilo siku nyingi.

"Nilisema," alisema. "Sitaki kusema nilisema, lakini nilisema."

"Basi usiseme, Mama," Joakim alimjibu. Alikuwa ametoka zamu kwenye kiwanda cha mbao, na unga wa mbao ulikuwa bado umo kwenye nyusi zake. Alimgeukia bintiye. "Lete simu."

"Baba, usichukue simu."

"Lete."

Tindra aliitoa. Aliikabidhi kwa mikono miwili, uso umemparara, kama mgonjwa anayenyang'anywa mkongojo wake. Ylva aliuona uso ule, ukamkera, akaudhani ni uso wa mlevi aliyenyimwa chupa. Majken, mdogo wake Tindra wa miaka minne, aliuliza kama Tindra atafungwa jela, na kama atafungwa, nani atamsomea kitabu.

"Nitakusomea mimi," alisema Barbro. "Kitabu ndicho dawa ya nyumba hii."

Ijumaa Tindra aliamka akishika tumbo, akabaki nyumbani. Jumamosi tumbo lilikuwa limepona, na Ylva, ambaye tangu simu ile hakuweza kukaa kitini, alipanga makabati, akayapangua, kisha akamwambia: "Toka nje. Nenda kacheze kama watoto wa watu."

Tindra alitoka. Ylva alimtazama kupitia dirisha la jikoni. Theluji mpya ilikuwa imejaa uani, bembea zimeganda, kilima cha kutelezea hakina hata alama ya kiatu. Watoto wa watu hawakuwepo. Walikuwa vyumbani mwao, hedifoni masikioni, wakijenga ule mji wao wa mchezo wa kwenye skrini ambao Tindra ndiye aliyeubunia mito na madaraja, na ambao sasa walikuwa wakiujenga bila yeye. Msichana alisimama katikati ya ua, mikono mifukoni, hana wa kucheza naye.

Baadaye Alva, rafiki yake wa kufa na kuzikana, alipita na mbwa wao. Ylva alifungua kidirisha kidogo. Alijiambia anatoa mvuke.

"Mama kasema nisicheze na wewe kwanza," Alva alisema. "Mpaka mambo yatulie."

"Mambo gani?"

"Si unajua. Nilikuandikia. Hujasoma?"

"Baba kachukua simu."

"Ooh." Alva alimvuta mbwa. "Basi ndiyo hayo niliyoandika."

*

Jumapili Barbro alikuja kutimiza ahadi. Alijiegemeza kwenye kochi na Majken, akafungua kitabu cha nungunungu aliyepotelewa na soksi. Ylva alikuwa jikoni akimenya viazi, sikio moja sebuleni.

"Nungunungu alitazama chini ya kitanda," Barbro alisoma, sauti yake ile ya darasani. "Soksi haikuwepo. Akatazama nyuma ya mlango..."

"Siyo hivyo!" alisema Majken.

"Ndivyo, mjukuu wangu. Tazama."

"Siyo hivyo! Nungunungu anafungua duka la mikate. Halafu mbweha anakuja kununua, hana hela, anataka kulipa kwa mkia. Bibi, hujui kusoma!"

Barbro alicheka hadi miwani ikamtoka. "Mimi? Nimefundisha mji huu mzima kusoma!"

"Basi umesahau. Tindra anajua. Anaweka kidole hapa, na hapa, na hapa, halafu anasoma duka la mikate."

"Dada yako anakutungia."

"Hatungi! Anasoma! Vitabu vyote anavisoma vizuri kuliko wewe!"

Kisu cha Ylva kilisimama katikati ya kiazi.

Alikumbuka mkahawani, kadi ya vyakula ikiletwa, Tindra akisema hata kabla ya kuifungua, "Nitakula anachokula Mama." Alikumbuka jinsi mtoto huyu alivyozikataa siku zote filamu za kigeni zenye maandishi chini, akidai zile zinazozungumza lugha ya nyumbani. Alikumbuka kipindi cha kusoma kwa sauti, zamu ikikaribia. Na sauti ya mwanaume chooni, ikimwongelesha.

Alifuta mikono, akakichukua kitabu mikononi mwa Barbro bila hata kuomba radhi, akaingia chumbani na kufunga mlango.

Tindra alikuwa amelala chali, akitazama dari.

"Nisomee ukurasa mmoja," Ylva alisema, akaketi kitandani.

"Hiki cha Majken? Cha watoto."

"Hichohicho."

Msichana aliketi, akakichukua, akaanza bila kigugumizi, kidole kikifuata mistari kwa madaha: "Nungunungu aliamka asubuhi na mapema, akasema, leo nafungua duka..."

Ylva aliweka kiganja juu ya picha. "Endelea."

"Mama, toa mkono."

"Hapa chini pameandikwa nini, mwanangu?"

"Toa mkono. Siwezi kuona vizuri."

"Maneno unayaona. Nimefunika picha tu."

Kidole kilisogea, kikarudi. Midomo ilitafuta sauti moja, ikaipata, ikaipoteza. Jasho lilimtoka kwenye mdomo wa juu, katika chumba ambacho madirisha yake yalikuwa na barafu. "Mama, nakuomba," alinong'ona. "Toa mkono."

Ylva aliutoa. Akakifunga kitabu.

"Tangu lini?"

"Tangu zamani."

"Na ile insha ya mbwa mwitu? Iliyobandikwa ukutani shuleni, tukaenda kuipiga picha?"

"Niliisema. Kishikwambi kikaandika."

"Na kusoma?"

"Unabonyeza pale kwenye sikio, kinasoma. Wote walikuwa na hedifoni, hakuna aliyejua nani anasikiliza nini." Alikuwa ameanza kuongea haraka, kama bomba lililozibuka. "Sasa vitabu vinakaa tu. Unabonyeza wapi? Chooni nilikuwa napiga picha ukurasa wa zamu yangu, kinanisomea, naushika kichwani. Nilikuwa nimefika nusu. Huyo Sixten akaja na ngazi zake."

"Na simu?"

"Simu ilikuwa inanisomea ujumbe wa Alva."

"Siku zote hizi tumekuita mwizi! Kwa nini hukusema?"

"Bora mwizi."

"Bora vipi?"

Tindra alimtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. "Mwizi akiacha kuiba, si mwizi tena. Mimi nitaacha nini?"

*

Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua hawakusema afanye nini aliyekaa meza moja na mgonjwa asimwone. Joakim aliposikia alikataa katakata. "Haiwezekani. Huyu ndiye mwenye akili humu ndani." Kisha akakumbuka nyakati ambazo yeye mwenyewe alimwona mtoto akikwepa maandishi.

"Ndiyo matunda ya skrini hayo," alisema Barbro. "Niliandika mpaka gazetini."

"Uliandika, Mama, nami nikakupigia makofi," Ylva alimjibu. "Tukashangilia kuvitoa, kama tulivyoshangilia kuvileta. Kuna hata mmoja wetu aliyemwuliza mtoto?"

"Hasira haifundishi kusoma. Mlete hapa. Nimefundisha wagumu kuliko yeye."

Tindra aliletwa mezani. Barbro alimwandikia neno kwenye karatasi, kwa ule mwandiko wake wa mviringo. Alianza kwa upole. Mtoto alisema herufi ya kwanza, akasema ya tatu, akakisia neno zima.

"Usikisie. Tazama."

Barbro akaliandika tena chini yake, mtoto akakisia neno jingine.

"Tazama, nimesema! Usinitazame mimi, tazama karatasi! Limeandikwa hapo juu, ni neno lilelile!"

"Si lilelile," Tindra alisema, machozi yakidondokea wino. "Kila nikirudi limebadilika."

Barbro alifungua mdomo kujibu. Halafu aliiona mikono ya mjukuu wake, imeng'ang'ania ukingo wa meza hadi kucha zimekuwa nyeupe, na kalamu ikamlegea. Miaka yote alikuwa akimpa vitabu kila siku ya kuzaliwa, na kila mwaka Tindra alimsimulia kilichomo, kwa ufasaha, baada ya kukisikiliza kwenye simu. Bibi alijivunia hadithi hizo mbele ya wenzake.

"Huu si uvivu," alisema hatimaye. Alionekana mzee ghafla. "Wala si skrini iliyomletea. Ilimfunika tu. Joakim, mrudishie simu yake."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Unangoja nini?"

*

Jumatatu Ylva, Joakim na Tindra walikwenda shuleni wote watatu. Roffe alimpa Ylva asubuhi nzima, akisema wateja waliongoja tangu Oktoba hawatakufa wakingoja hadi saa sita.

Fredrika aliposikia, aliinua mkono akaziba mdomo. "Nilikuwa naona majibu sahihi," alisema. "Majibu yake yalikuwa mazuri kuliko ya wengi. Nikapita, nikaenda kwa wale waliokosea."

Staffan alieleza kwamba mtaalamu wa kumpima yupo, ila foleni ni ndefu, pengine hadi majira ya kuchipua. Kwa sasa mwalimu wa msaada angemfundisha herufi, wakiwa wawili tu, na kishikwambi kimoja kingeweza kutolewa stoo kwa ruhusa maalumu.

"Tatizo," alisema, akijikuna shingo, "ni wenzake. Amekamatwa nacho Alhamisi, leo anapewa? Wazazi watanipigia simu hadi Krismasi. Labda akitumie chumba kingine. Pembeni."

"Chooni, kwa mfano," alisema Ylva.

Joakim alimkanyaga mguu chini ya meza. Staffan aligeuka mwekundu.

"Nani kamuuliza mwenyewe?" Ylva aliendelea. "Tindra. Unataka kukaa wapi?"

Msichana alifungua zipu ya koti lake. Nje kengele ililia, miguu ikakimbia ukumbini.

"Kwanza nimwombe radhi Sixten," alisema. "Nilimshtua kule chooni, nikadanganya kuhusu video. Halafu nataka kukaa kwenye dawati langu."

"Watakuuliza," alisema Fredrika. "Nitawaambia umepewa kifaa cha msaada. Sitasema zaidi."

"Wataniita mwizi aliyezawadiwa."

Staffan aliitikia kwa kichwa, na Fredrika akaenda stoo kukileta kishikwambi.

Ylva na Joakim walibaki ukumbini, karibu na mlango wa darasa ulioachwa wazi, makoti mikononi, kama watu waliofika msibani wasijue waketi wapi. Darasa lilinyamaza kishikwambi kilipoingia. Fredrika alianza: "Watoto, kuanzia leo Tindra amepewa kifaa cha..."

"Yeye kwa nini?" mvulana mmoja alipaza sauti. "Aibe halafu apewe? Na mimi naiba!"

Vicheko vikapasuka. Joakim alipiga hatua kuelekea mlangoni. Ylva alimshika mkono, kwa nguvu, ingawa miguu yake mwenyewe ilikuwa ikitaka kukimbia.

"Sijui kusoma," alisema Tindra.

Alikuwa amesimama kando ya dawati lake. Hakuwa amepaza sauti, lakini vicheko vilikatika.

"Najua jina langu na maneno mafupi mafupi. Mengine yananikimbia. Hiki kikinisomea, naelewa kama nyinyi. Ndiyo maana nilikiiba. Na kuiba nimeacha."

"Hujui *kabisa*?" aliuliza Alva. Macho yalikuwa yamemtoka. "Na ujumbe wangu wote?"

"Simu ilinisomea. Ina sauti ya mzee mwenye mafua. Hata ulipoandika unampenda nani, aliyesema ni yeye, huyo mzee."

Alva aliziba uso kwa mikono miwili, na darasa likaangua kicheko kingine, cha namna nyingine, ambacho Tindra alikuwa ndani yake. Yule mvulana alinung'unika kitu, asisikilizwe. Tindra aliketi, akavaa hedifoni, akafungua kitabu na kukipiga picha ukurasa, mbele ya wote.

Ylva alipumua. Alianza kuvaa koti, mkono mmoja ukapotea ndani ya koti lisilo lake, maana kwa wasiwasi alikuwa amechukua koti la Joakim. Foleni ya magari ilimjia kichwani. Ndipo akasikia kiti kikisogezwa nyuma ya darasa.

Alikuwa msichana mrefu mwenye nywele zilizosukwa vizuri, ambaye Ylva hakumjua hata jina. Alikuwa amesimama nusu, kitabu chake kimefungwa mbele yake, masikio yamemwiva.

"Mwalimu," alisema, akiitazama meza. "Kule stoo vimebaki vingapi?"

Fredrika aliiweka chaki chini. Alipita katikati ya madawati hadi nyuma kabisa, akachuchumaa kando ya kiti cha yule msichana hadi nyuso zao zikawa sawa, na kwa mara ya kwanza muhula ule akauliza swali ambalo jibu lake hakulijua.